Mgonjwa Alisemaje? Namna ya Kusoma Taarifa za Ubora wa Maisha katika Tafiti za Afya

Kipeperushi cha dawa kinaposema kwamba dawa hiyo "inaboresha maisha ya mgonjwa", msomaji ana haki ya kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine, na wingi wa sukari hupimwa kwa tone la damu. Lakini hakuna mashine inayoweza kusema kama mgonjwa alilala usiku bila maumivu, kama aliweza kwenda kisimani na kurudi, au kama bado ana hofu ya kuwa mzigo kwa wanawe. Mambo hayo anayajua mgonjwa peke yake, na njia ya kuyapata ni kumuuliza. Majibu yake, yakikusanywa kwa utaratibu na kugeuzwa kuwa alama, ndiyo yanayoitwa takwimu za ubora wa maisha.

Somo hili linahusu namna takwimu hizo zinavyotolewa taarifa, kwa sababu baina ya kile mgonjwa alichosema na kile msomaji anachokisoma kuna njia ndefu yenye mashimo mengi. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Katika wilaya ya Maswa, kama ilivyo kwingi mkoani Simiyu, fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, na ugonjwa wa muda mrefu mara nyingi hugharimiwa kwa kuuza ng'ombe. Familia inayouza dume la kulimia ili kununua tiba inataka kujua kama mgonjwa wao ataweza tena kushika jembe. Kuambiwa tu kwamba namba ya maabara itashuka hakutoshi.

Hupimwaje?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na ustawi wa kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Kutokana na fikra hiyo zilizaliwa hojaji nyingi. Mojawapo ya zile zinazotumika zaidi duniani, iitwayo EQ-5D, huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, kufanya shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha humwonesha mhojiwa mstari ulio mfano wa kipimajoto, kuanzia 0 hadi 100, naye huonesha afya yake ya siku hiyo iko wapi. Nyingine, SF-36, ina maswali 36 yanayotoa alama za maeneo manane, yakiwemo nguvu za mwili, maumivu, uchangamfu na mahusiano ya kijamii. Shirika la Afya Duniani lenyewe lina hojaji fupi ya maswali 26, ambayo huuliza pia kuhusu mazingira anamoishi mtu.

Hojaji ya SF-36 ina historia yake hapa nchini. Mwaka 1999 yalichapishwa makala mawili ya kitaalamu yaliyoeleza jinsi ilivyofasiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, watu wazima zaidi ya 3,000. Kazi hiyo haikuwa ya kubadilisha maneno tu. Hojaji ya asili, iliyotungwa Marekani, inamtaka mhojiwa aseme kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Swali kama hilo halipimi nguvu za mkazi wa Manzese. Linapima tu kama amewahi kuiona mashine hiyo. Ndiyo maana hojaji iliyofasiriwa lazima ijaribiwe upya, ili ijulikane kama kweli inapima kinachokusudiwa na kama inatoa jibu lilelile inapoulizwa mara ya pili kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika. Sifa ya kwanza huitwa uhalali, na ya pili uthabiti.

Taarifa nzuri ya utafiti husema wazi: tulitumia hojaji fulani, kwa lugha fulani, na ushahidi wa uhalali wake kwa watu wa aina hii ni huu. Taarifa dhaifu husema tu kwamba "ubora wa maisha ulipimwa", kisha ikaendelea na mambo mengine.

Kutoka Dar es Salaam hadi Lalago

Tuseme sasa kwamba hojaji hiyo ya Kiswahili inapelekwa Lalago, Malampaka au kijiji chochote cha Maswa ambako wazee wengi hufikiri na kuota ndoto kwa Kisukuma. Mara nyingi mhoji hulisoma swali kwa Kiswahili, akaona mzee hajaelewa, akalifasiri papo hapo kwa Kisukuma kwa maneno yake mwenyewe. Mhoji wa pili, katika kijiji cha pili, hulifasiri kwa maneno mengine. Mwisho wa siku majibu ya maswali mawili tofauti yanaingizwa katika safu moja ya jedwali. Hapa hakuna aliyedanganya, na kila mhoji alikuwa na nia ya kusaidia; lakini ikiwa taarifa haisemi kwamba mahojiano yalifanyika kwa njia hiyo, msomaji hana namna ya kujua alama zile zina uzito gani.

Majira nayo yana sauti. Hojaji nyingi huuliza kuhusu wiki nne zilizopita: je, ulishindwa kufanya kazi zako kwa sababu ya afya? Mkulima wa pamba mwenye goti bovu akiulizwa mwezi Desemba, wakati wa kulima na kupalilia, atataja siku nyingi alizoshindwa. Akiulizwa Septemba, baada ya pamba kuvunwa na kuuzwa, atasema alifanya kila kitu, kwa sababu hakukuwa na kazi kubwa ya kumshinda. Utafiti unaoanza Desemba na kumalizika Septemba unaweza kuonesha kwamba goti limepona hata kama mgonjwa alipewa maji matupu. Dawa ya utafiti huo ni kuwa na kundi linganishi linaloulizwa katika majira yaleyale, na taarifa inapaswa kutaja tarehe za kuuliza. Ni jambo dogo kuandika, na inashangaza ni mara ngapi halionekani.

Kisha kuna adabu yetu. Msukuma akisalimiwa asubuhi "mwangaluka", na kuulizwa hali, hujibu "mhola", yaani shwari, hata kama alikesha akigeuka kitandani. Mswahili naye hujibu "sijambo" kwanza, ndipo baadaye aeleze kwamba ameletwa hospitali kwa machela. Hii ni heshima, si uongo. Lakini mhoji anayeanza na "afya yako kwa ujumla ikoje?" dakika moja baada ya salamu anaweza kuandika mhola ile kuwa ni alama ya afya. Hali huwa nzito zaidi mhoji anapokuwa muuguzi wa zahanati ileile anakotibiwa mgonjwa, maana ni nani atakayemwambia anayempa dawa bure kwamba dawa haimsaidii? Taarifa inayofaa humweleza msomaji ni nani aliyeuliza, mahali gani, na kama mgonjwa alijibu mwenyewe au alijibiwa na ndugu. Mke akimjibia mumewe kuhusu maumivu, anaeleza anachokiona. Maumivu yenyewe yako kwa mume.

Waliokosekana katika hesabu

Tukiombwa kutaja kosa moja linalopotosha kuliko mengine, tutataja hili: majibu ya watu ambao hawakujibu.

Fikiria utafiti wa kubuni wenye wagonjwa 200, nusu wakipewa dawa mpya na nusu dawa ya zamani. Baada ya miezi sita wote wanatakiwa kujaza hojaji yenye alama 0 hadi 100. Katika kundi la dawa mpya wanajaza 60, na wastani wao ni 72. Katika kundi la dawa ya zamani wanajaza 90, na wastani ni 66. Taarifa inaandikwa: dawa mpya imeboresha maisha kwa alama 6. Msomaji anafurahi.

Lakini wale 40 wa dawa mpya walikuwa wapi? Mara nyingi asiyekuja kliniki ni yule aliyezidiwa, aliyeacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu, au asiyeweza tena kupanda baiskeli. Tukichukulia kwamba wasiojibu katika makundi yote mawili wangepata wastani wa 45, hesabu hugeuka. Kundi la dawa mpya linakuwa na wastani wa 61.2, na kundi la dawa ya zamani 63.9. Dawa iliyoonekana bora sasa ndiyo iliyo nyuma, na hakuna jibu hata moja lililobadilishwa. Tumewakumbuka tu waliokosekana.

Kweli, ile 45 ni ya kukisia, na mtafiti mwingine angekisia vingine. Ndiyo sababu taarifa inapaswa kusema ni wangapi walitarajiwa kujibu katika kila kipindi, wangapi walijibu, kwa nini wengine hawakujibu, na mbinu gani ya takwimu ilitumika kuziba pengo. Bila mambo hayo manne, wastani ni wa watu waliokuwa na nguvu za kufika.

Lipo pengo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni la taarifa nzima kutoandikwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia majaribio 160 ya tiba za saratani ambayo yalikuwa yamepanga kuwauliza wagonjwa kuhusu hali zao. Majaribio 61 kati ya hayo hayakuchapisha kamwe majibu ya wagonjwa. Waliokuwa wameshiriki katika majaribio hayo 61 ni zaidi ya watu 49,000. Hao ni wagonjwa wa saratani, wengine katika miezi yao ya mwisho, walioombwa watumie muda wao kueleza wanavyojisikia, na maelezo yao yakabaki kabatini.

Alama tatu ni nyingi au ni chache?

Taarifa inaweza kusema kwamba tofauti ya makundi mawili "ni ya kitakwimu". Maana yake ni kwamba tofauti hiyo si rahisi kuwa imetokana na bahati. Haina maana kwamba mgonjwa ameihisi. Utafiti wenye watu wengi sana unaweza kugundua tofauti ya alama moja katika mia, ambayo hakuna mtu angeitambua katika mwili wake. Wataalamu hukadiria, kwa kila hojaji, ni kiasi gani kidogo kabisa cha mabadiliko ambacho mgonjwa mwenyewe hukiona kuwa na maana. Taarifa isiyotaja kiasi hicho inamwachia msomaji namba bila kipimo, kama muuzaji anayetaja bei bila kusema ni ya kilo au ya gunia.

Bahati nayo ina mlango mwingine. SF-36 hutoa alama nane. Zikipimwa mara nne katika mwaka, unapata milinganisho 32. Kwa kiwango cha kawaida cha takwimu, ambapo mlinganisho mmoja katika 20 unaweza kuonesha tofauti isiyokuwepo, tegemea mmoja au miwili kati ya 32 "kufaulu" hata kama dawa haifanyi kitu. Mwandishi akiuchagua huo mmoja na kuunyamazia ule 30 na zaidi, hajaandika uongo wowote, lakini amekupotosha. Kinga yake ni mtafiti kutangaza kabla ya kuanza ni eneo gani la maisha anatarajia libadilike na lini litapimwa. Majaribio mengi ya Afrika huandikishwa katika daftari la wazi la majaribio ya kitabibu la bara letu, lenye makao yake Cape Town, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kulinganisha kilichoahidiwa na kilichochapishwa.

Dawa moja, majibu mawili

Mwezi Februari 2014 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha kwa pamoja majaribio mawili makubwa ya dawa iitwayo bevacizumab kwa wagonjwa wa aina kali ya saratani ya ubongo. Moja lilikuwa na wagonjwa 921, jingine 637. Yote mawili yalikubaliana kwamba dawa hiyo haikurefusha maisha. Kuhusu ubora wa maisha yalitofautiana: la kwanza lilisema wagonjwa waliopata dawa walidumisha hali yao kwa muda mrefu zaidi, la pili lilisema wagonjwa waliopata dawa walizidi kupata dalili na uwezo wao wa akili ulishuka.

Wasomaji walistaajabu. Ufafanuzi mmoja uko katika namna ya kuhesabu. Jaribio la kwanza lilipima muda uliopita kabla ya mgonjwa kuporomoka, na la pili lilifuatilia mabadiliko ya alama kadiri muda ulivyokwenda. Hayo ni maswali mawili, na majibu mawili yalitarajiwa. Mgonjwa anayetakiwa kuamua hawezi kuyatenganisha asipoelezwa. Kwa mtu ambaye hana miaka mingi mbele yake, tofauti hiyo ndiyo uamuzi wote.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 2013, wataalamu wa kimataifa walikuwa wametoa nyongeza ya mwongozo unaojulikana kwa jina la CONSORT, ambao hueleza namna ya kuandika taarifa za majaribio ya tiba. Nyongeza hiyo inahusu mambo yanayosemwa na mgonjwa mwenyewe. Inataka ikisiri ya taarifa itamke kama ubora wa maisha ulikuwa lengo kuu au la pili; utangulizi ueleze kilichotarajiwa; ushahidi wa uhalali wa hojaji utolewe; mbinu za kushughulikia majibu yaliyokosekana zielezwe; na mwandishi akiri mipaka ya matokeo yake, akisema ni kwa watu gani yanafaa. Mwaka 2018 ukafuata mwongozo wa namna ya kuyapanga mambo hayo mapema, katika andiko la utafiti, kabla mgonjwa wa kwanza hajaulizwa. Kwa maoni yetu huu wa pili ndio wenye manufaa zaidi, kwa kuwa taarifa haiwezi kusimulia tarehe, tafsiri na sababu ambazo hakuna aliyeziandika wakati kazi inafanyika.

Mfano wa karibu

Ipo kazi ya Afrika Mashariki inayoonesha kwamba jambo hili linawezekana bila makuu. Watafiti waliwafuatilia watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na mtoto wa jicho katika eneo la Nakuru nchini Kenya, pamoja na wengine wa Bangladesh na Ufilipino. Walitumia hojaji mbili: moja ya Shirika la Afya Duniani inayouliza mambo ya kuona, na EQ-5D kwa afya ya jumla. Waliwalinganisha na watu wa rika lao wenye macho mazima, na wakawauliza tena takriban mwaka mmoja baada ya upasuaji. Waliofanyiwa upasuaji walionesha nafuu katika hojaji zote mbili. Watafiti hao waliuliza pia wazee walitumiaje saa zao za mchana, na baada ya upasuaji saa nyingi zaidi zilikwenda kwenye kazi za uzalishaji.

Hilo la mwisho lina thamani ya pekee kwa msomaji wa kawaida. Mzee wa Maswa akiambiwa kwamba alama yake itapanda kwa sehemu ya kumi, atakutazama tu. Akiambiwa kwamba wenzake walirudi shambani na kuchunga, anaelewa anachokiendea. Taarifa zinazoongeza kipimo cha namna hii kando ya alama zinapaswa kupongezwa.

Unapokutana na mambo haya

Ukisikia redioni au kusoma kwenye boksi kwamba bidhaa "imethibitishwa kuboresha maisha", kumbuka kwanza kwamba tangazo la dawa kwa umma linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kisha muulize muuzaji au mfamasia: waliulizwa watu gani, wangapi, kwa muda gani, na walilinganishwa na nani? Mfamasia mwema hataudhika. Akikujibu kwa ushuhuda wa mteja mmoja aliyepona, umepata habari za mteja mmoja.

Ukialikwa wewe mwenyewe kushiriki katika utafiti, fahamu kwamba jaribio la dawa hapa Tanzania Bara linapaswa kuwa na kibali cha maadili kinachotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na kibali cha Mamlaka. Omba kuviona. Una haki ya kuulizwa kwa lugha unayoielewa, na ikiwa ni Kisukuma, uliza kama maswali yameandikwa kwa Kisukuma au yanafasiriwa mdomoni. Unaweza kuomba usihojiwe na mtu anayekutibu. Ukiona huwezi kufika siku ya hojaji kwa sababu umezidiwa, mtume mtu aseme hivyo. Taarifa kwamba "hakuja kwa sababu aliumwa" ina manufaa kwa utafiti kuliko nafasi iliyo wazi. Na unapojibu, iache salamu mlangoni: ukiulizwa kama una maumivu, na unayo, sema unayo, kwa kiasi chake.

Kabla ya kutia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, uliza pia ni lini na kwa njia gani mtaletewa matokeo kijijini, yakiwemo majibu yenu kuhusu hali zenu. Jibu liandikwe kwenye nakala ya fomu inayobaki kwako. Nakala hiyo huwa na namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Ihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki.